Neno Lililokwama Ulimini: Namna ya Kumsaidia Anayejaza Fumbo la Maneno Gazetini

Miongoni mwa maswali ambayo ndugu wa wagonjwa huuliza katika kliniki ya magonjwa ya mfumo wa fahamu, lipo moja ambalo aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini, mgonjwa akiwa amekwisha kutoka chumbani. Baba, au mama, ana mazoea ya miaka mingi ya kujaza fumbo la maneno katika gazeti la kila siku. Zamani alilimaliza peke yake kabla chai haijapoa. Siku hizi huwaita watoto na wajukuu kila baada ya mistari miwili. Je, wamtajie jibu, au wakimtajia wanamlemaza ubongo? Na je, huko kuita kwenyewe ni mwanzo wa ugonjwa?

Maswali hayo mawili ni tofauti, ingawa huulizwa kwa pumzi moja. La kwanza linahusu namna ya kusaidia, na jibu lake lina manufaa kwa mtu yeyote, mzima au mgonjwa. La pili linahusu utambuzi wa maradhi, na hapo ndipo kosa dogo la familia au la mtoa huduma linapoweza kumgharimu mtu afya yake.

Fumbo linalozungumzwa hapa ni lile la viraba vyeupe na vyeusi, lenye vidokezo vya maneno ya kwenda kulia na ya kushuka chini, ambamo herufi ya neno moja hutumika pia katika neno linalolikata. La kwanza la aina hiyo lilichapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, kazi ya mwandishi mzaliwa wa Liverpool aliyeitwa Arthur Wynne. Lilikuwa na umbo la almasi. Tangu hapo limeenea katika magazeti ya lugha nyingi, yakiwemo ya Kiswahili.

Neno hukwama wapi?

Ubongo hauhifadhi neno kama kitu kimoja. Maana ya neno na sauti za neno hutunzwa kwa namna tofauti, na kati yake pana njia ambayo msemaji hana budi kuipita kila anapotaka kutamka. Mtu anaposema, "Nalijua, lipo hapa mdomoni," huwa anaeleza kwa usahihi kabisa kilichotokea: maana ameipata, lakini njia ya kwenda kwenye sauti imefungwa kwa muda.

Mwaka 1966 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roger Brown na David McNeill, walichapisha utafiti ambao ndio msingi wa elimu hii. Waliwasomea watu fasili za maneno yasiyotumika sana, kisha wakawataka wataje maneno yenyewe. Wale ambao neno liliwakwama ulimini waliweza, mara nyingi kuliko inavyotarajiwa kwa kubahatisha, kutaja herufi ya kwanza ya neno na idadi ya silabi zake. Yaani neno halikuwa limepotea. Vipande vyake vilikuwa vimekwisha kufika. Msomaji atatambua kwamba walichofanya watafiti hao ndicho anachofanya mtunga fumbo kila siku: kutoa fasili na kudai neno. Tofauti ni kwamba mtunga fumbo ni mwenye huruma zaidi, kwa kuwa hutoa pia idadi ya herufi na, kupitia maneno yanayokatana, baadhi ya herufi zenyewe.

Hali hiyo huongezeka kadiri umri unavyosonga, hasa kwa majina ya watu. Mzee wa miaka sabini anayekwama mara nyingi kuliko alivyokwama akiwa na arobaini hana ugonjwa kwa sababu hiyo pekee. Msamiati wake kwa kawaida ni mpana kuliko wa mjukuu anayemcheka; kilichopungua ni wepesi wa kuufikia.

Msaada wa kadiri

Wapo wanaoamini kwamba ni vema kumwacha mhusika ajikamue mpaka neno litoke. Utafiti wa Amy Beth Warriner na Karin Humphreys wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, uliochapishwa mwaka 2008, unatoa onyo. Watu waliokwamwa na neno waliachwa wahangaike kwa sekunde 10 au kwa sekunde 30 kabla ya kuambiwa jibu. Walipopimwa tena siku mbili baadaye, wale walioachwa kwa muda mrefu zaidi ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kukwama tena kwenye neno lile lile. Ni kana kwamba muda wa kuhangaika ulikuwa mazoezi ya kukosea. Kazi iliyofuata ya Humphreys na mwenzake iliongeza jambo muhimu: mtu akilipata neno mwenyewe, hata kwa kudokezewa sauti yake, hupunguza uwezekano wa kukwama tena.

Kwa hiyo msaada bora uko kati ya kunyamaza na kutaja jibu. Ni kumpa mtu kiasi kidogo kinachomtosha kulitoa neno kwa kinywa chake.

Kabla ya kudokeza chochote, msaidizi atazame mambo mawili yasiyohusu kumbukumbu hata kidogo. La kwanza ni macho. Maandishi ya vidokezo ni madogo, na mtu aliyevuka miaka arobaini na mitano bila miwani ya kusomea, au mwenye mtoto wa jicho, anaweza kuonekana amesahau kumbe hajaona. La pili ni herufi zilizokwisha kujazwa. Neno la kwenda kulia likikosewa, neno la kushuka linalolikata haliwezi kupatikana kamwe, na mhusika atailaumu kumbukumbu yake kwa kosa lililofanyika mistari mitatu nyuma.

Kisha udokezaji wenyewe. Tuchukue kidokezo: "Chombo cha kupoza maji ya kunywa", herufi sita. Mzee anajua ni chombo gani, anakichora hewani kwa mikono, lakini jina halimjii. Hatua ya kwanza ni kuongeza maana: "Kile cha udongo, bibi alikuwa akikiweka pembeni na kukifunika kwa kata." Wengi hulipata hapo. Asipolipata, apewe sauti.

Hapa Kiswahili kina hali yake ambayo maelekezo yaliyoandikwa kwa lugha nyingine hayaijui. Kumwambia mzee kwamba neno linaanza na "M" ni karibu sawa na kutomwambia lolote, kwa sababu maneno ya Kiswahili yanayoanza kwa M ni mengi mno. Herufi hiyo mara nyingi ni kiambishi cha ngeli tu, wala si sehemu ya mzizi. Ndivyo ilivyo kwa "KI" na "U". Vivyo hivyo herufi ya mwisho: karibu maneno yetu yote huishia kwa irabu. Sauti yenye kusaidia ni ya silabi inayofuata kiambishi. Atamke msaidizi, polepole, "M-tu…", kisha anyamaze. Ukimya wa sekunde chache baada ya silabi hiyo ni sehemu ya tiba. Kama bado, atajiwe: "mtungi", naye alitamke mwenyewe na kuliandika kwa mkono wake. Kuliandika kwa niaba yake ni kumnyang'anya hatua ya mwisho, na ndiyo anayoifurahia.

Sarufi nayo husaidia bila kutaja neno. Kidokezo kikiwa katika wingi, jibu litakuwa katika wingi: "wafua vyuma" ni WAHUNZI, wala si MHUNZI. Kidokezo kikianza kwa "ku-", huenda na jibu ni kitenzi cha "ku-". Nimeona pia kwamba baadhi ya wazee waliofundishwa kusoma kwa ba-be-bi-bo-bu huhesabu silabi, ilhali viraba huhesabu herufi; kwao "mtungi" ni sehemu tatu, na kiraba cha N na cha G huwachanganya. Kumweleza mtu hilo mara moja kunaweza kumwondolea adha ya miaka.

Kuhusu heshima, sisi hatuhitaji kujifunza kutoka mbali. Katika kutega vitendawili, aliyeshindwa hupewa nafasi ya kukiri bila kuaibika: hutoa mji, mtegaji akaupokea, ndipo jibu likatolewa. Anayeomba msaada hulipa, na akishalipa anahesabiwa kuwa bado yumo mchezoni. Mjukuu anayemtajia babu jibu huku akitazama simu yake hampi babu nafasi hiyo. Afadhali amdai mji.

Lini kuomba msaada ni dalili?

Kipimo cha kwanza ni mtu mwenyewe alivyokuwa zamani. Mhasibu mstaafu aliyemaliza fumbo kila siku kwa miaka ishirini, kisha ndani ya miezi minane akawa hamalizi hata robo, anahitaji kuchunguzwa, hata kama robo hiyo inamshinda jirani yake.

Kipimo cha pili ni jinsi anavyoupokea msaada. Ikiwa dokezo la maana au la silabi linamtosha, na akilisikia neno hulitambua mara moja na hata kujicheka, basi uwezekano mkubwa ni kwamba neno lilikwama tu. Ikiwa dokezo halimsaidii, na hata akitajiwa "mtungi" anauliza mtungi ni kitu gani, tatizo limehama kutoka njiani na kufika kwenye maana yenyewe. Hiyo si dalili ya umri. Vilevile anayeuliza kidokezo kile kile baada ya dakika tano bila kukumbuka kwamba amekwisha kukiuliza, asiyeelewa tena namna viraba vinavyokatana ingawa amevijaza maisha yake yote, au aliyeacha fumbo na wakati huo huo akaanza kukosea fedha za dukani na kupotea njia aliyoizoea, aletwe hospitali. Anaweza kuwa na demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Anaweza pia kuwa na sonona, upungufu wa homoni za tezi ya shingo, ukosefu wa vitamini B12, au athari za dawa anazotumia, mambo ambayo yanatibika. Familia inayomjazia mgonjwa fumbo ili asijisikie vibaya, kisha ikamwambia daktari kwamba "fumbo bado anamaliza", humchelewesha mgonjwa huyo bila kujua.

Kipimo cha tatu ni muda. Maneno yanayopungua kwa miezi hupelekwa kliniki. Maneno yanayopotea kwa dakika hupelekwa idara ya dharura. Mtu aliyekuwa akijaza fumbo vizuri, kisha ghafla akashindwa kutaja majina ya vitu, akatamka maneno yasiyoeleweka, au akashindwa kuelewa kidokezo alichosomewa, achukuliwe kuwa amepatwa na kiharusi hata kama hana maumivu. Tazama uso kama umepinda upande mmoja, mkono kama unaanguka akiunyoosha, na usemi. Andika saa aliyoonekana mara ya mwisho akiwa mzima. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana na picha ya kichwa ikiruhusu, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zilipoanza. Dakika zinazotumika kumpa maji ya sukari au kumngoja alale kidogo "apumzishe akili" hazirudi. Hata hali ikijirekebisha yenyewe baada ya robo saa, bado ni dharura.

Ipo dalili nyingine ambayo karatasi ya fumbo huionyesha kuliko mazungumzo. Mgonjwa hujaza viraba vya kulia na kuacha vya kushoto vitupu, wala hajui kwamba ameviacha. Akiulizwa, husema amemaliza. Mara nyingi hilo hutokana na jeraha la upande wa kulia wa ubongo, na wakati mwingine na upungufu wa uwanja wa kuona. Ndugu hudhani ni uvivu.

Kwa aliyekwisha kutambuliwa kuwa mgonjwa

Mwenye afasia, yaani upotevu wa lugha kutokana na jeraha la ubongo, akili yake ya kufikiri huenda imebaki salama huku maneno yakimgomea. Daktari Paul Broca alimweleza mwaka 1861, jijini Paris, mgonjwa aliyeweza kutamka "tan" tu ilhali alielewa mengi aliyoambiwa, na jeraha lake lilikuwa sehemu ya mbele ya upande wa kushoto wa ubongo. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, fumbo dogo la maneno mafupi linaweza kuwa sehemu ya mazoezi chini ya usimamizi wa mtaalamu wa tiba ya usemi, na ngazi ya madokezo iliyoelezwa hapo juu ndiyo hasa hutumika. Asizungumziwe kama mtoto.

Mwenye demensia au upotevu mkubwa wa kumbukumbu ni tofauti. Alan Baddeley na Barbara Wilson walionyesha mwaka 1994 kwamba watu wenye upotevu wa kumbukumbu hujifunza vizuri zaidi wakizuiwa kukosea kuliko wakiachwa wabahatishe, kwa kuwa kosa lao hubaki akilini na hawakumbuki kwamba lilisahihishwa. Kwa huyu usiseme, "Hebu fikiri, jana si nilikwambia?" Mpe neno mapema, alirudie, aliandike, mwendelee. Ikiwa fumbo limegeuka chanzo cha hasira na machozi, gazeti liwekwe kando na asomewe habari za michezo.

Je, fumbo huzuia demensia?

Wagonjwa wanataka jibu la ndiyo. Ushahidi uliopo hauruhusu. Katika utafiti wa muda mrefu wa wazee wa Bronx, New York, uliochapishwa mwaka 2011, miongoni mwa watu 101 waliopata demensia, waliokuwa na mazoea ya mafumbo ya maneno walianza kuporomoka kumbukumbu takriban miaka miwili na nusu baadaye kuliko wasiokuwa nayo. Lakini kuporomoka kulipoanza, kulikwenda kwa kasi zaidi. Mwaka 2022 watafiti wa vyuo vikuu vya Columbia na Duke waliwafuatilia watu 107 wenye udhaifu mdogo wa kumbukumbu kwa wiki 78. Waliopewa mafumbo ya maneno walifanya vizuri kidogo kuliko waliopewa michezo ya kompyuta. Hakukuwa na kundi lisilopewa kazi yoyote, kwa hiyo hatuwezi kusema fumbo liliwasaidia kuliko kukaa bure. Tunaloweza kusema ni kwamba ni burudani njema isiyo na madhara.

Madhara huja pale burudani inapochukua nafasi ya dawa. Nimewahi kumhudumia mstaafu aliyejaza mafumbo mawili kwa siku kwa ajili ya "kulinda ubongo", huku vidonge vya shinikizo la juu la damu akiwa amevikatisha kwa sababu hakuhisi kuumwa. Tume ya jarida la Lancet ilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya demensia duniani. Yamo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, upungufu wa kusikia na wa kuona, sonona, na upweke. Fumbo la gazetini halimo, ingawa mjukuu anayekaa kando ya babu yake kulijaza pengine anapunguza hilo la mwisho.

Ifahamike pia kwamba fumbo si kipimo cha watu wote. Katika utafiti uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, demensia ilikadiriwa kuwapata asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na wengi wa umri huo vijijini hawakupata nafasi ya kutosha ya shule. Ndiyo sababu kipimo kifupi cha uchunguzi kilichotengenezwa huko huko Hai hakimtaki mzee asome wala aandike. Kimojawapo cha vipengele vyake ni kupanga njiti za kiberiti kwa mfano anaoonyeshwa. Kwa bibi asiyesoma, ulizia vitendawili, majina ya wajukuu, na namna anavyopika pilau ya watu ishirini.

Kwa anayesoma, tunaomba jambo moja tunapompangia miadi. Msitupe magazeti ya zamani. Leteni kurasa za fumbo za mwezi huu na, zikipatikana, za mwaka jana, ili tulinganishe mwandiko, viraba vilivyoachwa wazi na upande vilipoachwa. Na kuanzia sasa, yeyote anayemsaidia aandike kwa kalamu ya rangi nyingine: mzee bluu, msaidizi nyekundu, neno lililopatikana kwa dokezo litiwe nukta nyekundu pembeni.